Upambanuzi: Buibui mla mbu wa Mbita na ndugu zake

Ndani ya droo ya meza yangu kuna kichupa cha kioo kisichozidi urefu wa kidole cha shahada, na ndani ya kichupa hicho mna spiriti, kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli, na buibui wanne: madume watatu na jike mmoja. Karatasi inataja Mbita (mji mdogo wa Kenya kando ya Ziwa Victoria), nyasi za kando ya nyumba, kisha tarehe, kisha herufi za jina langu, na chini kabisa, kwa mwandiko ambao sasa nauonea haya kwa jinsi ulivyojiamini, “Evarcha sp. nov.” Evarcha ni jenasi, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, na kifupi cha Kilatini kinachofuata maana yake ni spishi mpya. Alama ya kuuliza iliyo mbele yake niliiongeza miezi mitatu baadaye, na kwa miaka sita sasa sijapata sababu ya kuifuta.

Ninapomwambia mtu kwamba nashughulika na buibui, wengine hudhani nauza mavazi ya kina mama. Nikishaeleza kwamba ni wale wa miguu minane, swali linalofuata karibu kila mara ni kama nimewahi kugundua spishi mpya. Nimejifunza kulijibu polepole. Katika Afrika ya Mashariki, kumpata buibui asiye na jina la kisayansi si tukio adimu hivyo. Mtu mwenye subira, shuka jeupe na fimbo ya kupigia vichaka anaweza kumwangusha mmoja kabla ya chai ya saa nne, hasa akiwa katika misitu ya milimani. Shida haiko katika kumpata, bali katika kuthibitisha kwamba huyo uliyempata siye yule aliyekwisha kupewa jina mwaka 1873, au 1910, au 2003, na mtu mwingine, kwa lugha nyingine, kwa kielelezo kilichohifadhiwa katika bara jingine. Ukiyasoma kwa makini maelezo ya spishi mpya yoyote ile, utaona kwamba sehemu yake yenye uzito haimhusu sana buibui mwenyewe. Inawahusu ndugu zake, na sababu za kusema kwamba yeye si mmoja wao.

Aliyenifundisha jambo hilo ni Evarcha culicivora, buibui mdogo wa mwambao wa Ziwa Victoria, ambaye maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2003 na Wanda Wesołowska wa Poland pamoja na Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand. Wesołowska ni mtaalamu aliyewapa majina mamia ya buibui warukao wa Afrika. Jackson ni mtafiti wa tabia za wanyama ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi Mbita, katika kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe. Mmoja alijua maumbo, mwingine alijua mwenendo, na mara nyingi ndivyo kazi za namna hii zinavyokamilika. Buibui wenyewe wana urefu wa milimita 5 hivi, ni wa rangi ya udongo na kijivu, na wanapokugeukia uso utaona wekundu chini ya macho yao, mkali zaidi kwa dume kuliko kwa jike. Hawatandi utando wa kunasia. Huwinda kwa macho, kwa kunyatia na kuruka, kama wafanyavyo wenzao wote wa familia ya Salticidae, ambayo ina spishi zaidi ya 6,000 na ndiyo familia kubwa kuliko zote miongoni mwa buibui.

Jina lake halina mafumbo kwa anayeujua mzizi wake: culex ni mbu, vorare ni kula kwa pupa, na mwisho wa -a umewekwa kwa sababu Evarcha huhesabiwa kuwa jina la kike katika sarufi ya Kilatini. Jenasi hiyo iliasisiwa na Mfaransa Eugène Simon mwaka 1902, na spishi iliyo kigezo chake ni Evarcha falcata wa Ulaya, aliyepewa jina na Msweden Carl Clerck mwaka 1757. Mwaka huo una utamu wake kwa watu wa fani yetu. Majina ya wanyama wengine wote huanza kuhesabiwa kutoka toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus, mwaka 1758, lakini kitabu cha Clerck kilikubaliwa ingawa kilitangulia kwa mwaka mmoja, kwa hiyo buibui ndio wanyama pekee ambao majina yao ni ya kale kuliko mwaka huo wa kuanzia. Huwa nakitaja kisa hiki kwa majivuno yasiyo na msingi wowote, kana kwamba mimi ndiye niliyemsaidia Clerck kuwahi. La maana zaidi ni kwamba buibui wa kwenye nyasi za Mbita amewekwa katika jenasi moja na buibui wa vichaka vya Sweden, na yeyote anayedai kwamba amepata Evarcha mpya hujibebesha deni la kumlinganisha na makumi ya wenzake, kuanzia wale wa karibu naye kimaumbo.

Mtu asiye na uzoefu huanzia kwenye rangi, nami nilianzia huko huko. Niliwaona madume wangu watatu wakiwa hai, wana mstari mweupe uliopita juu ya tumbo na hawana ule uso mwekundu, nikasema moyoni kwamba hawa si culicivora, na kwa kuwa si culicivora, basi ni wapya. Hoja ya pili haitokani na ya kwanza hata kidogo, lakini furaha ina njia yake ya kuziba mianya. Rangi ya buibui arukaye hutokana kwa sehemu kubwa na vinyweleo na magamba madogo yanayofunika mwili, ambayo huchubuka kadiri mnyama anavyozeeka na kupita kwenye nyasi, na nyingine huyeyuka au kufifia mara tu anapotiwa kwenye spiriti. Wekundu ni miongoni mwa zile zinazowahi kuondoka. Baada ya wiki kadhaa madume wangu walikuwa wamegeuka kahawia tupu, na mstari mweupe ukabaki katika daftari langu na katika picha mbili za simu zilizotikisika.

Kinachobaki, na ambacho fani nzima imeegemea, ni viungo vya uzazi. Dume wa buibui hana uume kama tuujuavyo. Ana vipapasio viwili mbele ya uso, vinavyofanana na miguu mifupi, na katika ncha ya kila kimoja pana kifaa kigumu chenye mikunjo, mifereji na mwiba mwembamba uitwao embolasi. Kabla ya kumwendea jike, dume hutanda kitambaa kidogo cha hariri, hudondosha mbegu zake juu yake kutoka chini ya tumbo, kisha huzinyonya kwa vipapasio hivyo kama mtu anayejaza kalamu ya wino. Jike naye chini ya tumbo ana kibamba kigumu kiitwacho epijini, chenye matundu mawili, na nyuma yake mna mirija na vifuko vya kuhifadhia mbegu. Umbo la embolasi, urefu wake, upande unakoanzia, mchomozo ulio ubavuni mwa pingili iliyo kabla ya ncha, mkunjo wa mirija ya jike: hizo ndizo alama za uso wa spishi. Zamani wataalamu walieleza jambo hili kwa mfano wa kufuli na ufunguo, kwamba kila spishi ina ufunguo unaofungua kufuli la kwao tu. Siku hizi wengi, wakimfuata mwanabiolojia William Eberhard, huona kwamba majike wenyewe ndio wamekuwa wakichagua miongoni mwa madume kwa vizazi vingi, na kwamba uchaguzi huo ndio uliosukuma maumbo haya yabadilike haraka kuliko sehemu nyingine za mwili. Kwa anayekaa mbele ya hadubini, sababu yoyote ile itamfaa. Linalomhusu ni kwamba ndugu wawili wanaofanana kwa kila kitu wanaweza kutofautiana kwa mwiba usiofikia nusu milimita.

Hapa pana jambo linalowachosha wanafunzi wangu. Buibui ambaye hajakomaa hana alama hizo. Dume aliyebakisha kujivua gamba mara moja tu huwa na vipapasio vilivyovimba kama glavu za mpiga ngumi, laini, visivyo na umbo lolote la kusomeka, na jike wa rika hilo hana epijini hata kidogo. Katika mkusanyo wa siku nzima, zaidi ya nusu ya wanyama huweza kuwa watoto, nao hurudi kwenye chupa kubwa iliyoandikwa “wachanga”, ambako wataendelea kuelea hadi mimi na wao tuzeeke.

Kutazama kipapasio si kazi ngumu sana ukishazoea. Humwaga mchanga mwembamba uliooshwa kwenye kisahani chenye spiriti, ukamchomeka buibui kwenye mchanga huo ili akae kwa pembe unayoitaka, ukachora kwa penseli yale unayoyaona, upande wa chini kwanza, kisha ubavu wa nje. Epijini ndiyo yenye kero, kwa sababu kinachotafutwa kipo ndani. Ni lazima uikate kwa sindano kali, uondoe nyama, kisha uitumbukize katika kimiminika kinachofanya ngozi ngumu ipitishe mwanga, mpaka mirija ianze kuonekana kama mizizi chini ya maji matulivu. Vimiminika vinavyofaa ni vingi, lakini kimojawapo kinachotajwa katika miongozo ya miaka mingi ni mafuta ya karafuu. Siku ya kwanza niliposoma hivyo nilicheka peke yangu maabarani. Watu wa Pemba wamekuwa wakichuma na kuanika karafuu kwa vizazi, na mahali fulani Ulaya mtaalamu mwenye koti jeupe alikuwa akitumia mafuta yake kusomea siri za buibui waliotoka huku huku kwetu. Tangu hapo maabara yangu ina harufu ya pilau, na wageni wakiuliza kuna mapishi gani huwa siwajibu upesi.

Michoro ikiwa tayari, inakuja sehemu inayoitwa upambanuzi. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai kwamba jina lolote lililotolewa baada ya mwaka 1930 liandamane na maneno yanayotaja sifa za kuitofautisha spishi hiyo, na kanuni za sasa zinadai pia kielelezo kimoja kiteuliwe kuwa holotaipu, yaani yule mnyama mmoja ambaye jina limefungwa kwake daima, na mahali alikohifadhiwa patajwe wazi. Maelezo ya mwili yanaweza kujaza ukurasa mzima: urefu wa kila pingili ya mguu, nafasi kati ya macho, idadi ya miiba. Upambanuzi huwa mistari mitatu au minne, na ndiyo mistari inayogharimu miezi. Husema, kwa mfano, kwamba dume huyu anafanana zaidi na spishi fulani, lakini embolasi yake ni fupi na imepinda kuelekea nje, ilhali ya mwenzake ni ndefu na imenyooka. Na kwamba jike anatambulika kwa matundu yaliyokaribiana zaidi kuliko ya spishi nyingine yoyote ya kundi hilo. Hiyo “nyingine yoyote” ndiyo yenye makali. Ukiiandika, umetoa kiapo kwamba umewatazama wote.

Nimewahi kusoma upambanuzi uliosema tu kwamba spishi mpya hutofautiana na nyingine kwa ukubwa na rangi. Sikuuamini, na bado siuamini. Ukubwa hutegemea chakula alichopata mnyama tangu alipotoka yaini, na habari za rangi nimekwisha kuzieleza.

Kwenye kuta za nyumba za Mbita, kama zilivyo kuta nyingi za miji yetu, kuna buibui warukao wengine watatu ambao lazima uwaondoe kwanza kabla ya kuanza kuzungumza juu ya Evarcha. Plexippus paykulli ni mkubwa, dume wake ni mweusi mwenye michirizi myeupe. Hasarius adansoni huwa na hilali nyeupe mwilini na hupenda pembe zenye kivuli. Menemerus bivittatus ni bapa, wa kijivu, na hujibanza kwenye chokaa kana kwamba amebandikwa. Hao ni wasafiri waliosambaa duniani kwa majahazi, meli na mizigo. Wawili wa kwanza walipewa majina mwaka 1826 kutokana na michoro ya wanyama waliokusanywa Misri wakati wa msafara wa Napoleon. Mtaalamu aliyeishughulikia michoro hiyo, Savigny, aliharibikiwa macho kabla ya kumaliza kazi, ikabidi mwanasayansi mwenzake, Audouin, aandike maelezo badala yake. Huwa nakumbuka kisa hicho jioni, macho yakianza kuwasha baada ya saa tano za hadubini. Ndugu hawa watatu huondolewa kwa dakika chache. Walio wagumu ni wale wa jenasi moja.

Na hapo ndipo maktaba na makumbusho yanapoanza kuwa na umbali. Orodha ya buibui wote duniani, inayotunzwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya Bern, Uswisi, ilivuka spishi 50,000 mwezi Aprili 2022, na aliyejiandikisha anaweza kupakua karibu maandishi yote bila malipo. Kwa mtu aliyeanza kazi enzi za kuomba nakala kwa barua, huu ni muujiza, na sitanii. Lakini maandishi mengi ya zamani yana sentensi kumi za Kilatini au Kijerumani bila mchoro hata mmoja, na maneno kama “miguu ya rangi ya asali” hayamsaidii mtu anayepima mwiba wa nusu milimita. Ikifika hapo hakuna njia isipokuwa kumwona holotaipu mwenyewe. Buibui waliokusanywa Kilimanjaro na Meru katika msafara wa Yngve Sjöstedt wa 1905 na 1906, walioelezwa na Albert Tullgren mwaka 1910, wako Stockholm. Wengine wa kwetu wako London, Berlin, Geneva, Copenhagen na Tervuren. Hivyo mtu wa Afrika ya Mashariki anayetaka kujua kama buibui wa ukutani kwao ana jina, mara nyingi huomba ruhusa ya kumtazama ndugu yake aliyeko ughaibuni. Wahifadhi wa makumbusho wengi niliowaandikia walinijibu kwa ukarimu, wakanitumia picha nzuri. Palikuwa na mahali pamoja ambapo barua zangu tatu hazikujibiwa, nami nilibaki na pengo katika jedwali langu ambalo bado lipo.

Lakini nimwache binadamu kidogo nimrudie culicivora, kwa sababu kisa chake kina upande ambao hakuna aliyeutarajia alipokuwa bado kielelezo tu. Mwaka 2005, Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walichapisha ushahidi kwamba buibui huyu hula damu ya wanyama wenye uti wa mgongo kwa njia ya mzunguko: huchagua mbu jike aliyekwisha kunywa. Anayeujua mwambao wa Ziwa Victoria ataelewa uzito wa neno “huchagua”. Ziwa lile hutoa mawingu ya visubi wasiouma, wanaoinuka kama moshi juu ya maji na kurundikana kwenye taa na kuta, na kwa macho ya haraka wanafanana mno na mbu. Buibui anaishi katikati ya karamu hiyo, naye akipewa nafasi ya kuchagua huwaacha wale wengi na kumtafuta yule mmoja mwenye tumbo jekundu. Watafiti walibandika wadudu waliokufa kwenye vizibo, wakiwa wamekaa kama walio hai, ili mwendo na harufu visimsaidie, na bado alichagua kwa macho. Baadaye, katika majaribio ambamo vichwa na matumbo ya mbu tofauti viliunganishwa kwa makusudi, ilionekana kwamba hutazama mambo mawili kwa pamoja: tumbo lililojaa damu, na vipapasa sauti vya kichwani, ambavyo kwa mbu dume huwa kama manyoya na kwa jike huwa vyembamba. Yaani mnyama wa milimita 5 ana upambanuzi wake wenye sifa mbili, wala hategemei ukubwa na rangi ya jumla peke yake. Ninawajua watu wenye shahada waliofanya vibaya zaidi, mimi nikiwemo.

Watoto wake ni wa ajabu kuliko hata wazazi. Mwaka 2006 Nelson na Jackson walionyesha kwamba buibui wachanga humtambua Anopheles kwa namna anavyotua. Kila aliyesoma shule ya msingi kwetu aliuona mchoro huo ubaoni: Culex hutua mwili ukiwa sambamba na ukuta, Anopheles hutua tumbo likiwa limeinuka, kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Buibui mdogo akimwona aliyeinua tumbo huzunguka kwa mbali na kumjia kutoka nyuma, akipitia ule uwazi wa chini ya tumbo. Tafiti zilizofuata zikaongeza kwamba kula damu humpa buibui harufu inayomvutia mwenzi, na kwamba huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa na binadamu. Magazeti ya nje yakamwita buibui mnyonya damu, jambo lisilo la haki, kwani meno yake hayawezi kutoboa ngozi yetu ili kunywa, wala hana haja hiyo. Wala haifai kumfanya dawa ya malaria. Kuwala mbu ni jambo moja, kupunguza ugonjwa katika kijiji kizima ni jambo jingine.

Siku niliyowakusanya wale wanne, mama mmoja mwenye nyumba alikuwa amekaa kivulini akichambua omena. Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa: “Mama, naomba nichukue buibui hawa wadogo wa kwenye nyasi zako.”

“Chukua, mwanangu,” akasema, “lakini hawa ndio wanaonilia mbu. Ungechukua mbu, tungeelewana zaidi.”

Sikuwa na jibu, nikachukua wanne tu.

Mbu wenyewe, kwa kweli, wamewasumbua wapambanuzi kuliko buibui. Yule tuliyemwita Anopheles gambiae kwa miaka mingi aligeuka kuwa kundi la spishi ndugu ambazo hakuna hadubini iwezayo kuzitenganisha kwa uhakika. Yumo Anopheles arabiensis, ambaye huuma watu na ng’ombe pia. Yumo Anopheles quadriannulatus, ambaye hupendelea ng’ombe na kwa hiyo si mwenezaji wa maana wa malaria. Na Anopheles coluzzii alipata jina lake mwaka 2013 tu. Hutofautishwa kwa kupima vinasaba, na tofauti hiyo si ya kupendeza vitabuni pekee: ukinyunyizia dawa ndani ya nyumba kumbe mbu wako hupumzika zizini, umepoteza dawa na fedha. Nikiulizwa kwa nini mtu mzima ahangaike na mwiba wa nusu milimita, huwa nawataja mbu hawa, halafu nanyamaza.

Vinasaba ndivyo vilivyonirudisha chini nami pia. Madume wangu watatu na jike mmoja walikuwa wamekusanywa alasiri moja, katika nyasi zile zile, na mimi nilikuwa nimewaoza bila kuwauliza: dume huyu na jike huyu ni wa spishi moja, kwa sababu wamekaa pamoja. Hilo ndilo kosa la kale kuliko yote katika fani yetu. Orodha zimejaa majina mawili ya mnyama mmoja, dume akiwa na lake na jike na lake, na pia jina moja lililobeba wanyama wawili waliofungishwa ndoa ya chupa. Niling’oa mguu mmoja wa kila kielelezo, nikaipeleka mahali panaposomwa kile kipande cha vinasaba kinachotumika kama alama ya utambulisho wa wanyama, chenye herufi 658. Kusubiri kulikuwa kurefu kwa sababu ya vibali na ya ofisi moja ambako faili langu lilihamishwa meza mara nyingi kuliko ninavyojali kukumbuka. Majibu yalipokuja, madume watatu walikuwa kitu kimoja. Jike alikuwa kando kabisa. Nilipoitia epijini yake kwenye mafuta ya karafuu na kuitazama upya, safari hii nikiwa na michoro ya 2003 mkononi na bila furaha yoyote ya kunipofusha, nilimwona wazi: alikuwa Evarcha culicivora, na wekundu wa uso wake ulikuwa umeishia kwenye spiriti zamani. Nilikuwa nimemwona kwa miaka miwili nikimwita mke wa mwingine.

Madume wamebaki. Vipapasio vyao havilingani na michoro yoyote niliyoipata, lakini katika jenasi hii zipo spishi zinazojulikana kwa jike pekee, na ni jambo linalowezekana kabisa kwamba hawa ni waume waliokosekana wa jina ambalo tayari lipo. Ikiwa ndivyo, kazi yangu haitakuwa kutoa jina jipya. Itakuwa kuandika, kwa mara ya kwanza, maelezo ya dume wa spishi iliyoelezwa kabla sijazaliwa. Ni kazi ndogo kwa macho ya watu, na mimi naipenda zaidi kuliko ile niliyoiota mwanzoni. Ili kuifanya nahitaji jike aliyekamatwa pamoja na madume, ikiwezekana aonekane akijamiiana nao, na nahitaji picha za holotaipu kutoka mahali pale ambapo barua zangu hazijajibiwa.

Wiki iliyopita nilikitoa kichupa kwa sababu spiriti ilikuwa imepungua chini ya shingo. Niliongeza mpaka juu, nikamtoa jike kwa kibano na kumhamishia kichupa chake, nikamwandikia karatasi mpya kwa penseli, kwa kuwa miaka ya nyuma niliwahi kuandika kwa kalamu ya wino na asubuhi nikakuta chupa ishirini za maji ya buluu na karatasi nyeupe. Kwenye karatasi ya madume nilikata neno “nov.” kwa mstari mmoja mwembamba unaoruhusu lisomeke, nikaacha “Evarcha sp.” na alama yake ya kuuliza. Barua ya nne nimeituma Jumatatu.